Dafu lisilie, nazi ilie

SWALI: Salamu mpishi. Mimi ni mzaliwa wa Nyeri, nimeolewa na mtu wa Kilifi na tunakaa Kasarani. Julai hii nilinunua nazi tatu katika soko la Marikiti, Nairobi, nimpikie mume wangu wali wa nazi. Ya kwanza ilikuwa imeoza. Ya pili niliipiga nyundo sakafuni, ikapasuka vipande vipande na maji yote yakamwagika. Ya tatu niliisaga kwa blenda, lakini tui likatoka jepesi, na juu pakaelea chembe nyeupe kama nta. Nakosea wapi? Na dafu zuri nitalijuaje?

JIBU: Dada yangu, nianze na hizo chembe, maana wengi hapa Nairobi huniuliza habari zake, wakidhani wameuziwa nazi mbaya. Nazi ilikuwa nzima. Ni baridi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na jiko la Nairobi mwezi wa Julai halifiki hapo asubuhi, sembuse maji ya mfereji. Ulipotia maji baridi kwenye blenda, mafuta mengi yaligandia kwenye chicha, yaani makapi ya nazi iliyokamuliwa, na kidogo kilichotoka kikaelea kama ulivyoona. Mama mkwe wako akikuna nazi Kilifi mchana wa Januari hana taabu hiyo, ndiyo maana huenda hakukutajia. Wewe tumia maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Yasiwe ya moto wa kuunguza, kwa sababu utakamua kwa mkono.

Sasa kuchagua. Nazi ya Marikiti imesafiri kutoka Kwale au Kilifi, karibu kilomita mia tano, imerundikwa ndani ya gunia, na hujui imekaa siku ngapi. Macho yako pekee hayatoshi. Ipime mkononi kwanza: kati ya nazi mbili za ukubwa mmoja, chukua iliyo nzito. Kisha itikise karibu na sikio. Nazi iliyokomaa imepunguza maji, ndani mna nafasi, kwa hiyo lazima usikie maji yakicheza. Ikiwa kimya na ni nyepesi, maji yamekauka au yamevujia kwenye ufa. Halafu geuza utazame macho yake matatu. Wafuaji wazoefu huacha kishungi cha makumbi, yaani nyuzi za ganda la nje, juu ya macho, na hicho si uchafu; ndicho kinga yake, kwa kuwa hapo ndipo kifuu kilipo dhaifu na ndipo uozo huingilia. Kisogeze kwa kidole. Ukikuta macho yana unyevunyevu, ukungu au harufu ya uchachu, irudishe. Nazi iliyonyolewa kishungi chote mimi siinunui hata kwa bei ya kutupa.

Jambo moja nakusihi ulishike. Nazi iliyooza usiile, wala usiikate upande mbovu ukatumia uliobaki. Mwaka 2021 madaktari wa Denmark waliandika habari za mzee aliyefariki baada ya kunywa maji kidogo ya nazi iliyokaa nje ya friji karibu mwezi mzima. Kuvu lilikuwa limetia sumu ndani. Onja tone moja, na likiwa chungu au chachu, tema na uitupe nazi nzima.

Kuvunja. Weka nyundo kando. Kati ya macho matatu, moja ni laini, nalo ndilo mche hutokea. Litafute kwa ncha ya kisu, litoboe, utie maji kwenye gilasi na uyanuse. Kisha shika nazi kiganjani, macho yakielekea kidole gumba, na uigonge kiunoni mwake, yaani katikati, kwa mgongo wa panga au wa kisu kizito, huku ukiizungusha. Usipige kwa hasira. Mapigo ya wastani, mstari uleule, mizunguko miwili mitatu, na utasikia mlio ukibadilika kutoka mkavu hadi mzito. Hapo imeshapata ufa. Ipige mara moja tena, itagawanyika vipande viwili safi.

Vipande hivyo viwili ndivyo mbuzi, yaani kigoda chenye jino la chuma la kukunia nazi, anavyovitaka. Kama huna mbuzi, agiza kwa yeyote anayetoka Pwani, atakuhudumia miaka mingi. Ukikuna, zungusha kifuu, na uache ukianza kuona rangi ya kahawia, la sivyo tui litachafuka. Kwa blenda, weka vifuu juu ya moto mdogo wa gesi dakika chache, upande wa nje ukielekea moto, mpaka nyama ianze kuachana na kifuu. Ing'oe, menya ganda la kahawia, katakata, saga.

Nazi moja kubwa, kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kamua kwa kifumbu (kichujio cha kusukwa) au kitambaa safi: hilo ni tui zito, liweke kando. Rudia chicha kwa vikombe viwili, upate tui jepesi. Mchele upikie kwenye tui jepesi na chumvi, na ukikaribia kukauka ndipo umwagie tui zito, ufunike, moto uwe mdogo kabisa. Tui zito likichemshwa kwa fujo hukatika, mafuta yakajitenga. Tena, kwa sababu ya mwinuko wetu maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo wali huchelewa kuiva kidogo kuliko Pwani. Ongeza muda, usiongeze moto. Tui lililobaki halilali nje, litie friji na ulimalize kesho yake.

Dafu ni kinyume cha nazi. Dafu zuri limejaa maji mpaka juu, halina nafasi ya hewa, kwa hiyo ukilitikisa lisilie. Likilia, linaelekea kuwa koroma, yaani hatua kati ya dafu na nazi, na utamu umeanza kupungua. Liwe zito, ganda la nje bichi lisilosinyaa, na kikonyo kisiwe kimeoza. Nyumbani, lisimamishe ubaoni, kata kichwa chake kwa panga vipande vyembamba mpaka ufikie kifuu laini, kisha toboa. Mkono unaolishika uwe chini kabisa, mbali na panga. Ukiona kazi ngumu, muuzaji wa mkokoteni akukatie, ila ulinywe siku hiyohiyo. Ukimaliza maji, lipasue, chonga kijiko kutoka kwenye ganda lake, ukombe ule uramberambe mwororo, yaani nyama changa ya ndani, kabla haujakauka.