MCV imeandikwa L kwangu na kwa kaka yangu: tumeze vidonge vilevile?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Tangu mwaka jana nachoka ovyo, nikipanda ngazi moyo unakwenda mbio. Nimepima FBP (picha kamili ya damu), majibu ni haya: Hb 9.8, RBC 4.30, HCT 31.8, MCV 74, MCH 22.8, MCHC 30.8, RDW 18.1. Karibu zote zina herufi L (chini ya kawaida), RDW ina H (juu ya kawaida). Nimeandikiwa vidonge vya madini ya chuma. Kaka yangu naye alipima afya kazini kwao: Hb 13.1, RBC 6.02, HCT 40.9, MCV 68, MCH 21.8, MCHC 32.0, RDW 13.9. Yeye haumwi popote, lakini kwa kuwa MCV yake ni ndogo kuliko yangu anasema tugawane vidonge. Ni sawa? Na mimi niongezewe damu? Nisisahau: tangu niwekewe kitanzi mwaka juzi hedhi yangu imekuwa nzito, siku saba, na mabonge.

JIBU: Marahaba dada. Msigawane. Vidonge ni vyako, na huenda kaka yako havihitaji kabisa. Karatasi zenu mbili zina L mahali pamoja lakini zinasimulia habari mbili tofauti, na nimefurahi umeziandika zote kwa ukamilifu. Wengi hunitumia Hb peke yake, na kwa Hb peke yake swali lako lisingejibika.

Kwanza ujue namba hizo zinatoka wapi. Damu yako ilichanganywa na maji maalumu, ikapitishwa kwenye tundu dogo sana lenye umeme hafifu. Kila chembe nyekundu inapopenya inaukatiza umeme kidogo, na mashine inasajili. Idadi ya mikatizo ndiyo RBC, yaani milioni 4.30 katika kila mikrolita ya damu yako. Ukubwa wa kila mkatizo unaonyesha ukubwa wa chembe, na wastani wake ndio MCV, inayopimwa kwa femtolita. Ubunifu huo ni wa Mmarekani Wallace Coulter, aliyepewa hataza mwaka 1953, na mashine nyingi zilizoko kwenye maabara zetu bado zinaufuata. Kwa upande mwingine wa mashine, chembe hupasuliwa kwa dawa na mwanga hupitishwa kwenye rangi iliyomwagika. Hapo inapatikana Hb, yaani hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni.

Hivyo vitatu ndivyo vinavyopimwa hasa. Vilivyobaki, katika mashine nyingi, ni hesabu tu, na unaweza kuirudia mwenyewe kwa kalamu. Chukua RBC yako 4.30, zidisha kwa MCV 74, gawanya kwa 10: unapata 31.8, ambayo ni HCT yako, yaani asilimia ya damu iliyojaa chembe nyekundu. Chukua Hb 9.8, zidisha kwa 10, gawanya kwa 4.30: 22.8, ndiyo MCH, uzito wa hemoglobini ndani ya chembe moja. Gawanya Hb kwa HCT, zidisha kwa 100: 30.8, ndiyo MCHC, yaani jinsi hemoglobini ilivyokolea humo ndani. Kwa hiyo usihesabu L tano ukadhani una magonjwa matano. Chembe zikiwa ndogo na zimepauka, hizo nyingine zinafuata zenyewe. Binafsi naona hizi herufi za L na H zimewatia watu hofu kuliko zilivyowasaidia. Mashine haijui hata kama una mimba.

Sasa tukuangalie wewe. Shirika la Afya Duniani linahesabu mwanamke mtu mzima asiye mjamzito kuwa na upungufu wa damu Hb ikiwa chini ya 12.0, na mwanamume chini ya 13.0. Wewe una 9.8, basi upungufu upo, hilo halina ubishi. MCV kwa mtu mzima huwa kati ya 80 na 100, yako ni 74: chembe zako ni ndogo. RDW ndiyo namba ambayo watu wengi wanairuka, hata baadhi ya wanaoandika dawa, nami naipenda kuliko zote. Inaonyesha chembe zinatofautiana kwa kiasi gani. Fikiria fungu la nyanya sokoni: unaweza kukuta zote ni ndogo na zinalingana, au kubwa na ndogo zimechanganywa. Kawaida RDW haivuki 14.5 hivi. Yako ni 18.1, maana yake una mchanganyiko. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo zile zilizotengenezwa chuma kikiwa bado kipo zinaelea pamoja na hizi za juzi, zilizotoka kiwandani na malighafi haba. Mchanganyiko huo ni dalili ya kitu kilichokuja baadaye maishani, hukuzaliwa nacho.

Kaka yako chembe zake ni ndogo zaidi, 68, lakini zinalingana: RDW 13.9. Na ni nyingi mno, milioni 6.02, wakati wanaume wengi hawafiki hata 5.9. Mwili uliokosa chuma hauna uwezo wa kumwaga chembe nyingi namna hiyo. Chembe ndogo, nyingi, zinazolingana, Hb inayokaribia kawaida, na mtu hana habari: mimi nikiona picha hiyo nafikiria thalasemia, hali ya kurithi ambayo mwili hutengeneza hemoglobini pungufu, ile nyepesi isiyougua.

Kuna hesabu ndogo inayotusaidia hapa, ya daktari Mmarekani William Mentzer, aliyoitoa mwaka 1973. Gawanya MCV kwa RBC. Ikizidi 13, elekea kwenye upungufu wa chuma. Ikiwa chini ya 13, elekea kwenye thalasemia. Yako: 74 kwa 4.30, unapata 17.2. Ya kaka yako: 68 kwa 6.02, inatoka 11.3. Hesabu hii haithibitishi ugonjwa, na hukosea mara kwa mara, lakini inakuambia uanze kutafuta upande upi.

Msishtuke kwa neno thalasemia. Pwani yetu, ya Tanzania na ya Kenya, aina yake iitwayo alfa imeenea sana. Kila mtu ana jeni nne za kutengeneza sehemu moja ya hemoglobini. Aina ya kwetu hupunguza jeni moja kutoka kwa kila mzazi aliyekuwa nayo, kwa hiyo aliyerithi kwa baba na kwa mama anabaki na mbili, anaishi, anacheza mpira, anazeeka. Utafiti wa miaka mingi kule Kilifi umeonyesha kuwa watoto wenye hali hii hupata malaria kali mara chache zaidi, na ndiyo sababu imebaki kwetu kwa wingi. Inashangaza kwamba kitu kilichowalinda mababu zetu leo kinawekewa L na mashine.

Hata hivyo kaka yako asikae tu. Apime ferritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Kwa mtu mzima mwenye afya, chini ya mikrogramu 15 kwa lita maana yake akiba imekwisha. Akiwa na homa au uvimbe wowote mwilini ferritini hupanda kwa uongo, basi hapo hata iliyo chini ya 70 inatiliwa shaka. Ikiwa iko sawa, vidonge vya chuma havitamwongezea hata chembe moja, na chuma kilichozidi mwili hauna njia ya kukitoa; kinarundikana. Ikiwa iko chini, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi kweli, maana mwanamume haendi hedhini. Chuma chake kingekuwa kinavujia wapi? Tumboni, kwa vidonda au minyoo ya safura? Kwenye mkojo, kwa kichocho? Hilo halifunikwi kwa vidonge vya kuazima kwa dada.

Kama hajaoa, au anatarajia watoto, aombe pia kipimo cha aina za hemoglobini, kile kinachotumika kupima selimundu. Kitaonyesha kama ana thalasemia ya aina ya beta, ambayo huonekana zaidi kwa familia zenye asili ya Bara Hindi na Uarabuni, na Tanga mchanganyiko huo upo. Beta ikikutana na beta ya mwenzake, au na jeni ya selimundu, mtoto anaweza kuugua sana. Ila ajue kwamba alfa mara nyingi haionekani kwenye kipimo hicho kwa mtu mzima. Majibu yakirudi safi na ferritini iko sawa, kwa kawaida tunabaki na alfa kwa kuondoa mengine, na huo unakuwa mwisho wa safari.

Nirudi kwako, kwenye lile jambo uliloandika mwishoni kana kwamba ni dogo. Kila mililita ya damu hubeba karibu nusu miligramu ya chuma. Ukipoteza mililita 100 katika hedhi moja, umepoteza miligramu 50. Chakula hukupa miligramu moja au mbili kwa siku baada ya utumbo kuchuja, na karibu moja kati ya hizo hutumika kufidia kinachopotea kila siku kwa njia nyingine. Piga hesabu ya mwezi mzima utaona hailipi. Kitanzi cha shaba kinajulikana kuongeza hedhi. Rudi kliniki ya uzazi wa mpango uwaeleze; huenda wakabadilisha njia, na waangalie kizazi kwa ultrasaundi kama kuna uvimbe. Usipoziba hapo, utameza vidonge mpaka uchoke.

Vidonge vyenyewe, vile vya miligramu 200 vya feri salfeti, vina chuma halisi miligramu 65 hivi. Kimoja kwa siku kinatosha watu wengi, na tumbo likisumbua, muulize daktari kuhusu kumeza siku moja na kuruka moja, maana utumbo hufyonza vizuri ukipewa nafasi. Meza na maji au juisi ya chungwa. Chai, hata ya rangi, iache ikae mbali nacho saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Kuhusu juisi ya rozela na bitiruti: kunywa kama unazipenda, ila wekundu wa kinywaji haugeuki wekundu wa damu. Dagaa, nyama na maharage vina faida zaidi.

Kuongezewa damu hapana, kwa ulivyonieleza. Kwa mtu mzima anayetembea na kupumua vizuri, madaktari kwa kawaida hufikiria hilo Hb ikishuka chini ya 7. Ila ukianza kuhema ukiwa umekaa, kifua kikibana, au ukizimia, usingoje tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Rudia FBP baada ya wiki nne, kwenye maabara ileile ikiwezekana, kwa sababu mashine hutofautiana. Hb inatakiwa iwe imepanda gramu moja hadi mbili kwa desilita. RDW inaweza kupanda zaidi kabla ya kushuka, kwa kuwa chembe mpya za ukubwa wa kawaida zinaingia katikati ya zile ndogo; hiyo ni habari njema hata kama imewekewa H. Hakikisha damu inapimwa siku hiyo hiyo. Sampuli ikilala nje ya friji, chembe hunywa maji na kuvimba, MCV inapanda na MCHC inashuka, na hapo tutabaki tunasoma habari za chupa badala ya zako. Hb ikifika 12, endelea na vidonge miezi mitatu zaidi ili akiba ijae.

Halafu itazame MCV. Wewe na kaka yako mna wazazi wamoja, na mtu anaweza kuwa na upungufu wa chuma na alfa kwa pamoja. Ikiwa Hb imepona, ferritini imejaa, na MCV bado imegota kwenye 76 au 77, basi huo ndio ukubwa wa chembe zako tangu utotoni. Iandike mahali na uionyeshe kila unapopima, hasa ukipata mimba, ili usianzishiwe tena vidonge kwa ajili ya L ambayo haitaondoka.