Nani ameamua kompyuta yako imezeeka? Majibu kwa maswali yenu

Maswali mengi ya safari hii yameangukia jambo moja: vifaa vinavyokataliwa na waliovitengeneza ilhali bado ni vizima. Nimekaa mbele ya kompyuta kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimetumia programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma na kuzibadilisha. Kwa hiyo nina upande, na mtauona.

Shikamoo mzee. Laptopu yangu ni ya mwaka 2016 na haijawahi kunisumbua. Naambiwa Windows 10 imefikia mwisho na Windows 11 inagoma kuingia. Fundi anasema ninunue mpya. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Usinunue kwanza. Laptopu yako haina ugonjwa wowote. Kilichokoma ni huduma. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele, ambazo zilianza kutoka mwaka 2017. Yako imeachwa nyuma kwa mwaka mmoja tu, hata kama ina nguvu ya kufungua kila unachohitaji. Kuna nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha. Jiandikishe upate nafasi ya kupumua, ila usiutumie mwaka huo kulala.

Sasa fanya hivi. Tafuta flashi ya GB 8, pakua Linux Mint, mfumo huria unaokaa mahali pa Windows, iandike kwenye flashi hiyo kwa programu kama Rufus au balenaEtcher (kunakili faili peke yake hakutoshi), kisha iwashe laptopu kutoka kwenye flashi. Hapo hujagusa chochote kilichomo kwenye diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Jaribu pia kuifunika laptopu ilale, halafu uifunue uone kama inaamka, maana hapo ndipo mashine nyingi huonyesha ukaidi. Ikiwa yote yanakwenda, nakili faili zako kwenye diski ya nje, hakikisha zinafunguka kwenye kompyuta nyingine, ndipo usakinishe.

Na kama ndani mna diski ya kuzunguka, weka SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Hakuna badiliko jingine ninalolijua linaloamsha mashine ya zamani kiasi hicho. Niliwahi kuibadilishia diski kompyuta ambayo mwenyewe alikuwa ameshaiaga, na aliitumia miaka mitano mingine.

Kuna mtu mmoja nisiyemshauri kuhama: yule ambaye riziki yake inategemea programu kama Photoshop au AutoCAD, ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya Linux. Njia za kuzilazimisha zipo, lakini usimwekee mtu kazi yake rehani kwa sababu ya imani yako.

Linux ziko nyingi mno. Nichague ipi?

Chagua ile inayotumiwa na mtu wa karibu atakayekushika mkono ukikwama. Kama hayupo, chukua Mint au Ubuntu. Mimi natumia Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, kwa sababu haina pupa: nikiipanga leo naikuta vilevile baada ya miaka miwili. Ubishi wa ipi ni bora niliuacha zamani.

Kama programu huria ni bure, walioziandika wanakula nini? Nahisi kuna mtego.

Kiswahili kimetupa bahati hapa, kwa kuwa tuna maneno mawili, huria na bure. Waingereza wana neno moja kwa yote mawili, na wamekuwa wakielezana tofauti yake kwa miaka arobaini. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakupa ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuufungua msimbo wake (maagizo aliyoyaandika mwanaprogramu) na kuusoma, kuubadilisha, na kuwagawia wengine, ikiwa imebadilishwa au haijabadilishwa. Unaweza hata kuiuza.

Chimbuko lake lina printa ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Richard Stallman alikuwa mwanaprogramu katika maabara ya MIT huko Marekani. Printa yao ya awali ilikuwa ikikwama karatasi mara kwa mara, naye akaongeza kipande cha msimbo ili ikikwama iwaarifu waliokuwa wakingoja kazi zao. Ilipoletwa printa mpya ya leza, nayo ikawa inakwama, ila safari hii msimbo wake haukutolewa, na alipouomba kwa mtu aliyekuwa nao akanyimwa. Aliyejua kuitengeneza yupo, nia ipo, kifaa kiko mbele yake, na bado hawezi. Mwaka 1983 akatangaza GNU, mradi wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ulio huria, na mwaka 1989 ikatoka leseni yake ya GPL. Linus Torvalds alipoanza kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux mwaka 1991, aliiweka chini ya leseni hiyo mwaka uliofuata. Leo kerneli hiyo imo ndani ya kila simu ya Android.

Sasa riziki. Wengi wanaoiandika kerneli hiyo wameajiriwa na kampuni zinazoitegemea. Red Hat iliuza huduma na utunzaji wa programu ambazo msimbo wake uko wazi, na mwaka 2019 IBM waliinunua kwa dola bilioni 34. Blender, programu ya kuchora na kuhuisha picha za 3D, ilikombolewa kwa michango. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa nyuma yake ilifungwa, wenye haki wakataka euro 100,000 ili kuuachia msimbo, na watumiaji wakazichanga kwa wiki saba. Bado nikilikumbuka hilo nasisimka.

Mtego haupo kwako wewe mtumiaji. Unaoumia ni upande mwingine: wapo wanaotunza programu ndogo zinazobeba nusu ya intaneti mgongoni na hawalipwi chochote. Swali linalofuata linawahusu.

Msimbo ukiwa wazi, si hata mwizi anausoma? Kilichofungwa si ndicho salama?

Mwizi anausoma, ndiyo. Sitakudanganya kwamba macho mengi hutosha. Kosa lililoitwa Heartbleed lilikaa ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi, kwa takriban miaka miwili kabla ya kutangazwa Aprili 2014. Msimbo ulikuwa wazi siku zote hizo.

Lakini sikiliza kisa cha XZ Utils, programu ya kubana faili iliyomo karibu katika kila Linux. Ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja anayejitolea, tena aliyechoka. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kumsaidia, akaaminika kidogo kidogo, hadi akapewa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Mapema mwaka 2024 akapachika mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1, akiwa ameuficha ndani ya faili zilizoonekana kuwa za majaribio tu. Ungemruhusu mwenye ufunguo wake kuingia kwenye seva kupitia SSH, njia ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali.

Aliyeubaini ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulikia hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa akipima mambo yake mengine, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na kunakula prosesa kuliko kawaida. Hakulipuuza. Akafuata uzi hadi mwisho wake, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu, kabla matoleo hayo hayajafika kwenye mifumo mingi imara.

Nusu sekunde! Freund hakuwa mwajiriwa wa mradi ule, na hakuomba kibali cha mtu. Aliweza kuufuata uzi kwa sababu hakuna aliyemfungia mlango. Katika programu iliyofungwa angeishia kuandika malalamiko kwa kampuni na kungoja. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitetea. Uwazi hauzuii kosa wala hila, lakini unampa yeyote mwenye shaka nafasi ya kuchimba. Na funzo la pili linatuuma sote: mtu mmoja aliyechoka hakupaswa kuachiwa mzigo ule peke yake.

Linux haiingiliwi na virusi, sivyo?

Inaingiliwa. Sakinisha programu kutoka hazina rasmi ya mfumo wako, sasisha kila inapokuomba, na usibandike kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) amri usiyoielewa.

Nilihamia LibreOffice, programu huria ya kuandikia nyaraka, lakini nyaraka za bosi zikifunguka kwangu zinavurugika: kurasa zinaongezeka, majedwali yanaruka. Nifanyeje?

Mara nyingi kosa ni fonti. Waraka uliandikwa kwa Calibri au Cambria, kompyuta yako haina fonti hizo, inaweka nyingine yenye upana tofauti, na mistari yote inasogea. Sakinisha fonti mbili huria, Carlito na Caladea. Herufi zake zimepimwa upana uleule wa Calibri na Cambria, kwa mpangilio huohuo. Tatizo lako kubwa litapungua hapo hapo. Waraka usiohitaji kuhaririwa tuma kwa PDF.

Hifadhi zako mwenyewe kwa ODF, umbizo lililokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006. Nina sababu ya kulisisitiza hili. Miaka ya 1990 niliandika barua na maelezo mengi kwa programu moja iliyokuwa maarufu wakati huo. Kampuni ikanunuliwa, programu ikaachwa, na nilipokuja kuzitaka barua zile, kadhaa zilifunguka zikiwa alama tupu. Mbili kati yake nilikuwa nimemwandikia baba yangu, na sikuwa nimezichapa. Leo chukua faili yako ya .odt, ibadilishe jina iwe .zip, ifungue: ndani utakuta faili iitwayo content.xml, na humo maneno yako yanasomeka kwa kihariri chochote cha maandishi. Hata LibreOffice ikitoweka kesho, maneno yako yatabaki.

Nataka simu mpya. Niangalie megapikseli au RAM?

Angalia kwanza miaka ya masasisho. Google waliahidi miaka saba kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung wakafuata kwa miaka saba kwenye Galaxy S24 mwaka 2024. Lakini hizo ni za bei ya juu; za chini ahadi yake mara nyingi ni fupi mno, na nyingine haisemwi kabisa. Uliza kabla ya kulipa. Megapikseli zina uzito mdogo kuliko ukubwa wa sensa na ubora wa lenzi.

Halafu betri. Lithiamu huchakaa kwa kuchajiwa, hakuna namna, na simu iliyobandikwa gundi kila upande inageuza kipuri kimoja kilichochoka kuwa sababu ya kununua simu nzima. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria inayotaka betri za vifaa vya mkononi ziweze kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe kuanzia Februari 2027, ingawa kuna misamaha. Naiunga mkono kwa moyo wote. Walipolazimisha USB-C kuanzia mwisho wa 2024 tuliambiwa ubunifu utakufa. Nilichoona ni chaja moja inayochaji simu na laptopu ya mtu.

Na simu iliyoachwa bila masasisho, kabla ya kuitupa, tazama kama ipo kwenye orodha ya LineageOS, mfumo huria uliojengwa juu ya Android. Ujue tu kwamba baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi humo.

Picha zangu zote ziko kwenye wingu. Ziko salama?

Moto na mwizi hazitaziona. Lakini wingu ni kompyuta ya mtu mwingine, na akaunti inaweza kufungwa. Julai 2009 Amazon walifuta kutoka mbali vitabu ambavyo wateja walikuwa wamevinunua kwenye Kindle zao, kwa mgogoro wa haki za uchapishaji. Fedha zilirudishwa na Jeff Bezos akaomba radhi, ila vitabu vilikuwa vimeshatoka mikononi mwa watu.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosea: huduma nyingi za picha husawazisha. Ukifuta kwenye simu, na kwenye wingu imefutika. Kwa hiyo weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba yako. Wingu lihesabu kuwa mojawapo. Diski ya nje iwe ya pili, na uichomoe ukimaliza kunakili.

Nazipenda programu huria na ningetaka kusaidia, ila sijui kuandika programu. Nina faida gani kwao?

Kubwa. Kitu kinapoharibika, waandikie ulichofanya hatua kwa hatua, ulichotarajia, na kilichotokea, pamoja na toleo unalotumia. Ripoti ya namna hiyo inamwokolea mtunzaji siku nzima. Unajua Kiswahili, kwa hiyo tafsiri: menyu za programu nyingi bado zina mapengo, na nyingine zimejaa tafsiri ambayo hakuna anayeielewa. Chagua programu moja unayoifungua kila siku, anza na maneno yake ya menyu ya kwanza, na ukiona neno lenye utata niandikie tulijadili.