Simu inaonyesha kijani, mimba haiji

*Shangazi, salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nina miaka 29. Kwa miaka miwili nilichomwa sindano ya planingi, ile ya miezi mitatu. Ya mwisho ilikuwa Februari; Mei sikurudi kwa sababu tulitaka mtoto. Bwana yangu anafanya kazi mgodini Kolwezi, anakuja nyumbani juma moja kwa mwezi. Aliniwekea programu ya hedhi kwenye simu, na neno la siri analo, anaifungua kwake. Ikionyesha kijani, yaani siku za kushika mimba, anaomba ruhusa, anapanda basi. Damu ilikuja tarehe 9 Julai, 18 Agosti na 13 Septemba. Kijani kilikuwa 18 hadi 23 Julai, kisha 2 hadi 7 Septemba. Mara zote mbili alikuwepo, na hakuna kitu. Sasa anasema simu haidanganyi, na wifi yangu ameanza kulitamka neno "tasa". Nifanye nini?* – Mama Kijani

Mwanangu, asante kwa kuandika tarehe. Jibu karibu lote limo humo.

Yai hushuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Watu wengi husema siku 14 baada ya hedhi kuanza, lakini hesabu hizo mbili zinalingana kwa mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Wewe kutoka 9 Julai hadi 18 Agosti ulikuwa na siku 40. Programu haikujua. Ilishika ile 28 inayokuja nayo, ikaliweka yai tarehe 23 Julai. Rudi nyuma siku 14 kutoka 18 Agosti, utaona kwamba yai, kama lilishuka, lilishuka karibu tarehe 4 Agosti, bwana akiwa Kolwezi siku nyingi. Baada ya hapo inaelekea programu ilichanganya 40 na 28, ikapata 34, ikakisogeza kijani hadi mwanzo wa Septemba. Safari hiyo mzunguko ukawa wa siku 26, na yai likashuka karibu 30 Agosti. Yai likishashuka huishi saa 12 hadi 24 basi. Tarehe 2 Septemba bwana alipofika, lilikuwa limeshakufa.

Kwa hiyo katika mizunguko hiyo miwili hamkukutana na yai hata mara moja. Mwonyeshe bwana hesabu hii kwenye karatasi, taratibu, kalenda ikiwa mbele yenu. Simu haina jicho tumboni mwako. Inajumlisha na kugawanya ulichoandika.

Halafu kuna sindano yenyewe. Dawa yake hukaa mwilini kupita ile miezi mitatu. Haiharibu kizazi, ila hukichelewesha: wanawake walioiacha hushika mimba kwa wastani wa miezi minne baadaye kuliko walioacha njia nyingine, yaani karibu miezi kumi tangu sindano ya mwisho. Wewe kufikia Oktoba hii una miezi minane. Miezi ya kwanza hedhi huyumba hivyo hivyo, na mara nyingine damu hutoka bila yai lolote kushuka. Huyo wifi angesubiri kidogo. Na kama kwenye planingi watakuonyesha mkufu wa shanga, ule wenye shanga nyeupe za siku ya 8 hadi 19, ujue umetengenezwa kwa mizunguko ya siku 26 hadi 32. Kwa mwezi wa siku 40 hauna kazi.

Programu usiitupe. Iandikie vizuri. Siku ya kwanza ni siku damu inapotoka ya kuhitaji pedi. Matone machache usiyaandike kama hedhi, kwa sababu programu itaanza mzunguko mpya na kila kitu kitapotoka. Penye swali la uzazi wa mpango, andika sindano na tarehe yake. Hiyo rangi ya kijani usiiamini mpaka upate walau mizunguko mitatu inayokaribiana.

Kwa sasa ishara yako nzuri ni ute wa ukeni, na haugharimu hata mega moja. Kila uendapo msalani, angalia kabla ya kukojoa. Baada ya hedhi huwa pakavu, kisha unakuja ute mzito kama gundi, kisha mwepesi, unaoteleza, unaovutika kati ya vidole viwili kama ute wa yai bichi la kuku. Siku hizo ndizo. Mbegu za mwanaume huweza kuishi ndani yako hadi siku 5, kwa hiyo dirisha lote ni siku sita: tano kabla ya yai na siku ya yai lenyewe. (Mitaani tunaziita "siku za hatari". Kwenu ninyi ndizo siku za kutafutwa.) Ute ulioachwa na tendo la usiku unafanana nao, usikuchanganye.

Farmasi kubwa zina vijiti vya kupima yai kwenye mkojo. Mstari ukikolea sawa na ule wa kulinganishia, au kuupita, yai kwa kawaida hushuka ndani ya saa 24 hadi 36. Mwenye mzunguko unaoyumba anaweza kumaliza pakiti nzima bila jibu, kwa hiyo anza kupima ute unapoanza kulainika. Usinywe maji mengi saa mbili kabla, mkojo utakuwa mwepesi mno. Kipimajoto cha asubuhi kwako sikisifii sana: joto hupanda nyuzi 0.2 au zaidi baada ya yai kushuka, kwa hiyo kinakuambia habari ya jana, na malaria kidogo tu inaharibu mstari wote.

Kuhusu ratiba, badala ya bwana kukimbilia rangi, aombe juma lake lihamishwe lisiangukie siku zilezile za mwezi. Mkiwa pamoja, kila baada ya siku mbili au tatu yatosha. Kulazimishana kila usiku kwa amri ya simu kunaleta ugomvi tu.

Lile neno la siri libadilishe. Bwana kujua tarehe si vibaya, mwambie kwa mdomo. Lakini programu hizi huweka humo mambo ya ndani kabisa, na mwaka 2021 tume ya biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya Flo baada ya kuishutumu kwamba iliwapa Facebook na wengine habari za afya za watumiaji. Ukitaka nyingine, ipo drip: inahifadhi kila kitu ndani ya simu yenyewe na inafanya kazi bila intaneti. Ubaya wake ni kwamba simu ikiibiwa, tarehe zimekwenda nayo. Ziandike pia kwenye daftari.

Wakati unasubiri, anza folik asidi miligramu 0.4 kila siku, tangu sasa hadi mimba itimize majuma 12. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hufungwa karibu siku 28 tangu mimba kutungwa, mara nyingi mama bado hajajua. Usitegemee sombe (majani ya muhogo) pekee: ni mboga nzuri, lakini kupikwa kwa muda mrefu hupunguza folik yake. Soma boksi, kwa kuwa kidonge cha miligramu 5 ni kingine, cha kuandikiwa na daktari. Kwenye CPN, kliniki ya wajawazito, kikitumika pamoja na Fansidar ya kukinga malaria, hupunguza nguvu ya Fansidar; kile cha 0.4 hakina shida.

Nendeni wote wawili mkapime elektroforezi, kipimo cha damu cha sikoseli. Mkiwa AS na AS, yaani wote mnaibeba bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS, mwenye ugonjwa. Bwana asirudi na nguo za mgodini: abadilishe na kuoga hukohuko. Uchunguzi uliofanywa Lubumbashi na kuchapishwa mwaka 2020 ulikuta watoto wenye kasoro za kuzaliwa ni wengi zaidi pale baba anapofanya kazi ya migodi.

Mimba ikishika, programu itahesabu majuma kana kwamba mzunguko wako ni wa siku 28. Omba ekografi (picha ya tumbo) kabla ya majuma 14, tarehe ya kujifungua itoke hapo.

Februari ikifika na hedhi bado inayumba au imepotea, nenda kwa daktari wa wanawake. Ikitulia, mpeane mwaka mmoja wa kukutana kweli kwenye siku zenyewe. Mkienda, nendeni wawili. Spermogramu, kipimo cha mbegu za mwanaume, ni rahisi kuliko vipimo vingi vyako: bwana akae siku 2 hadi 7 bila tendo, na chupa ifike maabara ndani ya saa moja. Kwa hiyo aitolee hapa mjini au Kolwezi karibu na maabara, asije nayo kwenye basi.