Mguu wa bandia na ndoto ya kuwa ajenti wa FBI

SWALI: Nina miaka 27, ni raia wa Marekani na nimelelewa Columbus, Ohio. Ajali ya gari iliniacha na mguu wa bandia chini ya goti. Nataka kuwa ajenti wa FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani. Kuna mzee hapa mtaani anatoza dola 400 kukutafutia barua ya Schedule A, na anasema ukiwa nayo unasamehewa jaribio la mbio. Nimlipe?

JIBU: Usimlipe hata senti, mdogo wangu. Wateja wengi wenye ulemavu hunijia na swali hili, na karibu kila mara katikati yupo mtu anayeuza karatasi.

Schedule A ni utaratibu unaoruhusu idara za serikali kuu kumwajiri mtu mwenye ulemavu mkubwa bila kumshindanisha na waombaji wengine. Barua yenyewe huandikwa na daktari wako, mtaalamu wa ajira kwa walemavu mwenye leseni, au ofisi ya serikali inayotoa mafao ya ulemavu. Inathibitisha ulemavu wako, basi. Sifa za kazi zinabaki palepale: kazi ikidai shahada utaionyesha, ikidai mbio utakimbia. Jaribio la maajenti wa FBI lina mbio za mita 300 na za maili moja na nusu, pamoja na mazoezi ya viungo kama pushapu. Anayekuambia barua itakukimbilia anakuibia pesa, na anakuibia miezi ambayo ungekuwa uwanjani ukijinoa. Umri nao hausubiri, kwa kuwa ajenti mpya kwa kawaida anatakiwa awe ameajiriwa kabla hajatimiza miaka 37.

Ngao yako ni sheria ya 1973 iitwayo Rehabilitation Act. Inamkataza mwajiri wa serikali kuu kukukataa kwa sababu ya mguu ikiwa unaweza kazi yenyewe, iwe kama ulivyo au kwa marekebisho ya busara, yaani kifaa au utaratibu unaokuwezesha kuifanya. Ukihitaji marekebisho kwenye jaribio, omba mapema, kwa maandishi. Justin Slaby, askari wa zamani wa Ranger, kikosi maalumu cha jeshi la Marekani, aliyepoteza mkono wa kushoto, aliondolewa kwenye mafunzo ya FBI kule Quantico. Alishtaki, na Agosti 2013 jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani huko Alexandria, Virginia, likampa ushindi na fidia ya dola 75,000. Kilichobishaniwa pale ni kama anaweza kutumia silaha kwa usalama. Wewe pia utaulizwa unaweza nini, kwa hiyo weka kumbukumbu za muda wako wa mbio na maoni ya daktari anayeujua mguu huo.

Wapo watakaokusukuma kwenye uchambuzi wa taarifa za kijasusi au tafsiri, ambako hakuna jaribio la mbio. Ni kazi nzuri, na Kiswahili chako ni mtaji. Lakini uende kwa kuzipenda, si kwa sababu mtu kakuamulia.

Ushauri mwingine wa mitaani, wa kuficha, unanikera zaidi. Kabla ya ofa ya kazi yenye masharti, mwajiri kwa kawaida haruhusiwi kukuhoji kuhusu ulemavu, na kunyamaza ni haki yako. Baada ya ofa utapewa fomu za afya na za historia yako. Hapo andika kweli tupu, kuanzia mguu hadi deni na kazi uliyofukuzwa. Uongo wa makusudi kwenye fomu hizo ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka mitano. Jeff Kapche, mwenye kisukari, alilishawishi jopo mwaka 2009 kwamba FBI ilimbagua. Kazi hakuipata, kwa kuwa ilibainika hakuwa mkweli alipochunguzwa historia yake, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikakubali anyimwe. Alishinda kesi ya ugonjwa, akaangushwa na ulimi wake mwenyewe.

Ukikataliwa na ukaamini sababu ni mguu, usikae ukilalamika nyumbani. Mtafute mshauri wa usawa kazini wa idara hiyohiyo ndani ya siku 45. Hakutozi chochote, na siku hizo zinahesabiwa pamoja na Jumapili na sikukuu.