Trekta kuukuu kwa shamba la mbali: mambo niliyojifunza

Naishi Dar es Salaam, shamba langu liko Kongwa, mkoani Dodoma. Misimu mitatu nililima kwa kukodi. Mwenye trekta humaliza kwanza la kwake, kisha ya jirani zake. Wewe wa mbali ukifikiwa, mvua za kwanza zimeshapita. Ndipo nikaamua kununua, na hela yangu ilitosha trekta kuukuu tu.

Kabla hujatafuta trekta, nenda ukaangalie majirani wa shamba lako wanatumia nini. Nilikuwa nimeshaipenda Ford moja Morogoro, nzima kabisa, lakini kule kwetu niliona Massey Ferguson 135 nyingi, na mafundi wanaozijua kwa kupapasa. Ni trekta za miaka ya 1964 hadi 1975, injini ya Perkins ya silinda tatu, na spea zake bado zinapatikana. Nikaiacha Ford. Ukiwa mbali, trekta nzuri ni ile ambayo fundi wa jirani anaiweza bila wewe kuwepo.

Siku ya kukagua, fika asubuhi na mapema. Baada ya salamu, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa na joto, imeshawashwa kabla hujafika. Omba urudi kesho, kwani injini ya dizeli iliyochoka husumbua ikiwa baridi. Ikishawaka, fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukitoka kwa kusukumwa, ringi za pistoni zimekwisha. Chomoa kijiti cha kupimia oili ya gia: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Kisha haidroliki, yaani mfumo wa oili unaonyanyua plau. Niliomba wafunge plau, nikainyanyua, nikazima injini, tukakaa kunywa chai huku naitazama. Ikishuka taratibu si neno. Ikianguka mara tu unapozima, omba upunguziwe bei, maana haidroliki imechoka, na udongo wa Kongwa ukikauka ni mgumu. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulivunjiwa zana nyingi na ardhi hiyohiyo.

Nilipoumia ni kwenye kadi ya usajili wa trekta. Ilikuwa na jina la marehemu baba wa muuzaji, nami nilikuwa nimeshalipa. Nilihangaika miezi kadhaa kusubiri familia imteue msimamizi wa mirathi. Tafadhali, usitoe hata shilingi kabla jina la kwenye kadi, kitambulisho cha muuzaji na namba ya chesisi havijalingana.

Safari ya kwenda shambani, usiiendeshe trekta, ipakie kwenye lori.

Mwisho ni dereva. Mfundishe kutoa upepo kwenye mfumo wa mafuta, kwa sababu siku dizeli ikikauka tangini, hewa huingia kwenye mabomba, na trekta haitawaka kwa kuongeza mafuta tu. Na mnunulie spana za inchi. Nati nyingi za 135 ni za inchi. Wangu alilazimisha spana ya milimita, akaila kona nati ya pampu, trekta ikalala shambani siku nne, mvua ikinyesha.