Mashine ya bei nafuu kutoka nje: pima kwanza, safisha baadaye

Ndugu unayeanza kukereza chuma, usione aibu kununua mashine ya bei ya chini. Leti ndogo za juu ya meza, zile zinazotangazwa kama inchi 7 kwa 14, nyingi hutoka Uchina na muundo wake unakaribia kuwa mmoja. Kinachobadilika ni rangi na nembo. Tofauti kubwa iko kwenye ukaguzi wa mwisho. Kuna muuzaji anayelipa mtu wa kupima spindo, yaani mhimili unaozunguka na kibano, kabla sanduku halijapigiliwa misumari, na kuna anayefunga mashine kama ilivyotoka kwenye mstari. Ukilipa zaidi kidogo, mara nyingi unalipia huyo mpimaji, pamoja na ghala la vipuri na mtu wa kujibu malalamiko. Kwa hiyo picha za tangazo hazikusaidii kuchagua. Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji umuulize: bodi ya umeme ya mota mnayo, na ni kiasi gani? Asiye na jibu la swali hilo leo hatakuwa nalo siku mashine yako itakapozima.

Soma tangazo kwa jicho la ukali. Urefu wa milimita 350 hupimwa kati ya ncha na ncha. Ukishafunga kibano cha taya tatu upande mmoja na kibano cha keekee upande wa pili, chini ya nusu inaweza kuwa ndiyo iliyobaki. Wati za mota nazo mara nyingine huwa za umeme unaoingia, wala si nguvu inayofika kwenye chuma. Hakikisha volti zinalingana na za kwako. Kama mota ni ya kawaida ya AC, angalia na hertizi, kwa kuwa mota ya hertizi 50 ukiiwasha kwenye 60 inaongeza mwendo kwa karibu asilimia 20.

Halafu masharti ya kuuziana. Wageni wengi wakiona CIF, yaani bei yenye gharama, bima na nauli, wanadhani muuzaji anabeba mzigo na hatari yake mpaka bandarini kwao. Anabeba nauli na bima, lakini hatari inakuwa yako tangu mzigo unapopakiwa melini. Na bima ambayo Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti ya kuuziana, inamlazimu kukukatia ni ya kiwango cha chini kabisa, Masharti C. Hiyo inahusu mambo kama meli kuzama, kuungua au kugongana. Sanduku lililoangushwa na foklifti halimo. Kama mashine ni kubwa na umetoa pesa ya maana, omba bima ya Masharti A na ulipe nyongeza.

Siku ya kupokea, usisaini kwanza. Zunguka sanduku na upige picha pande zote, lebo ikiwemo, na ukiona ubao umevunjika au alama ya unyevu, iandike kwenye hati ya kupokelea kabla ya sahihi yako. Dereva atasema ana haraka, mwache aseme. Uharibifu uliojificha ndani una muda wake: kwa mzigo wa baharini chini ya kanuni za Hague-Visby, unatakiwa utoe taarifa ya maandishi ndani ya siku 3, na kwa barabara chini ya mkataba wa CMR ni siku 7, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Ukichelewa, itachukuliwa kwamba ulipokea mzigo mzima mpaka uthibitishe kinyume. Fungua sanduku siku hiyohiyo, hata kama huna pa kuiweka mashine.

Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu kesi zao wenyewe. Mashine inakuja imepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu, na grisi hiyo mara nyingi ina mchanga wa kalibu na vinyuzi vya chuma ndani yake. Mkono unawasha kuifungua mashine yote na kuiosha. Usiifungue. Muuzaji akiona picha ya mashine iliyotawanywa mezani, jibu lake la kwanza litakuwa kwamba wewe ndiye uliyeiharibu. Futa grisi pale tu unapotaka kupima, na upime ikiwa nzima.

Kipimo cha kwanza ni spindo. Ondoa kibano, safisha tundu lenye mchongoko kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha simamisha geji ya saa, ile inayosoma 0.01 mm, ncha yake ikigusa ndani ya tundu. Zungusha spindo kwa mkono, polepole. Kwa daraja hili la mashine, mimi nakubali mshale ukicheza ndani ya 0.02 mm. Ukizidi, tafuta sababu kabla ya kulalamika: weka kipande cha mbao chini ya spindo na uiinue kidogo. Mshale ukisogea kisha ukarudi ulipolegeza, huenda beringi ziko legelege na nati zake zinahitaji kukazwa. Usiposogea, lakini ukawa unapanda na kushuka kila mzunguko, tundu au spindo yenyewe imepinda, na hilo ni la muuzaji. Msomaji mgeni hulalamikia kibano chenyewe: taya tatu za bei nafuu zikitoka nje kwa 0.08 mm ni jambo la kawaida, na lalamiko hilo halikufikishi popote.

Kwenye vyuma vya kumimina, tafuta nyufa, maana rangi nene hufunika mengi. Paka mafuta ya taa mahali unapotilia shaka, acha yaingie, futa mpaka pakauke, halafu pakaza unga wa chaki. Baada ya muda mfupi mafuta yaliyokunywewa na ufa yanatoka na kujichora mstari mweusi kwenye unga mweupe. Niliwahi kumtumia muuzaji picha ya mstari kama huo kwenye nguzo ya mashine ya milingi, na ubishi wake uliishia hapo.

Makali yasiyopigwa tupa, mabamba ya kubania yaliyokazwa kupita kiasi, mikono ya kuzungushia yenye mchezo kidogo: hiyo kazi ni yako, na ndiyo maana bei ilikuwa chini. Ufa, spindo iliyopinda, kitanda cha mashine kilichosokotwa, bodi ya umeme iliyokufa: hayo mrudishie aliyekuuzia.

Lalamiko liwe fupi. Namba ya oda, tarehe ya kupokea, kasoro moja moja na kipimo chake, picha au video inayoonyesha mshale ukitembea, kisha unachotaka. Taja kipuri kwa namba yake kwenye mchoro wa kitabu cha mashine. Anayepokea ujumbe hajui mashine, anajua namba. Kama ulinunua mtandaoni, zungumza ndani ya mfumo wa soko ulilonunulia tu. Ukihamia kwenye simu, ushahidi wako unabaki nje ya kesi. Ofa ya kwanza kwa kawaida ni pesa kidogo ukubali yaishe. Linganisha na bei ya kipuri pamoja na nauli yake, ukikuta haitoshi, kataa kwa adabu na urudie ombi lako. Ahadi ya “subiri wiki mbili, tunashughulikia” isikupitishie tarehe ya mwisho ya kufungua mgogoro: fungua huku mkiendelea kuzungumza. Kuirudisha mashine nzima ya kilo 40 kwa nauli yako karibu kamwe hakulipi, kwa hiyo sisitiza kipuri.

Kipuri kikifika, kifunge, upime tena kwa geji ileile, halafu ndipo ubonyeze kwamba shauri limekwisha. Ukishabonyeza, kwa kawaida hulifungui tena.