Bure, na si lazima uwe mwanafunzi

Dada, umeuliza kama kuingia jumba la sanaa la Makerere, Kampala, kunalipiwa na kama ni kwa wanafunzi tu. Ni bure. Jumba lenyewe ni la chuo kikuu lakini mgeni wa Unguja anaingia sawasawa na mwanafunzi wa pale. Nimesoma Kampala, nikipita hapo mara kwa mara bila ya kutoa hata senti. Usilifananishe na makumbusho yenye kiingilio. Lile limewekwa khasa ili kazi za skuli ya sanaa zitizamwe na watu baki, si walimu peke yao. Skuli yenyewe ni ya zamani, Margaret Trowell, mwalimu wa sanaa wa Kiingereza, aliianza miaka ya 1930, na Sam Ntiro, mchoraji wetu wa Bara, alisoma hapo na kusomesha.

Ila angalia jambo moja. Onyesho likimalizika picha hushushwa na nyengine kutundikwa, kwa hiyo unaweza kukuta kuta tupu. Uliza kwanza kabla hujapanda boda. Na bure ni kutizama tu. Ukiipenda picha inayouzwa, hapo mkoba utafunguka. Kupiga picha za simu, omba ruhusa kwa msimamizi.